Sakafu ya Wavu na Jino la Théodore

Siku kiongozi wa korali alipopandisha sauti ambayo haikuwa kwenye wimbo wowote, Maman Eulalie alitoa hukumu.

"Papa Elodie, sikia muzuri. Hii nyuki yako ikiluma mutu mwingine, hata mumoja, muzinga unaenda Mumosho kwa kaka yangu. Na pale naweka kuku."

Mumewe Ezéchiel, baba yake Elodie, hakubisha. Kosa lilikuwa lake, na alikuwa amekwisha kulitubu. Nyuki wake walikuwa wanamalizwa na utitiri, wadudu wadogo wekundu wanaowang'ang'ania mwilini na kuwanyonya. Redioni alisikia kwamba dawa ni kung'oa sakafu ya mbao ya mzinga na kuweka ya wavu: utitiri ukianguka, unapita chini moja kwa moja na haupati njia ya kurudi. Akapiga ishara ya msalaba, akapigilia wavu wa banda la kuku. Matundu yalikuwa makubwa mno. Nyuki wakashuka kupitia sakafuni kana kwamba wamefunguliwa mlango wa pili, na korali ilikuwa inafanya mazoezi pale pale uani.

Akajaribu chekeche la Eulalie la unga wa muhogo. Hapo matundu yakawa madogo mno. Hakuna kilichoanguka isipokuwa hasira ya Eulalie, maana foufou ya juma lile, ugali wa unga usiochekechwa, ilibidi itafunwe.

Ezéchiel akafunga na kusali. Jibu likaja na shemeji yake Delphin, mchimba dhahabu wa Luhwindja, aliyeshuka kwao Bagira na wavu mkuukuu wa kuchekechea mchanga. Ezéchiel aliupokea barabarani, akaubusu mbele za watu. Akaunda fremu ya mbao, akaukaza wavu kwa misumari midogo mpaka ukalia kama ngoma, kisha akauweka mzinga juu yake kwa moshi mwingi na zaburi. Chini ya wavu aliacha nafasi ya kusukumia bati jeupe lililopakwa mafuta ya mgando, ili kila kinachoanguka kinase.

Kesho yake asubuhi akavuta bati, akavaa miwani. Chembe nyekundu zilikuwa zimetapakaa, ziking'aa juani. Akapiga magoti.

"Asante Bwana! Umetoa nyingi! Toa zote, Baba, usibakishe hata moja mule ndani!"

Juu ya ua wa matete kikatokea kichwa cha jirani yake, Papa Théodore, mswaki ukiwa bado mdomoni.

"Papa Elodie, ule wavu si njo wa Delphin? Wa zahabu?"

"Njo wenyewe!"

"Na… inatoka?"

"Sana, jirani! Kila asubuhi itakuwa inatoka!"

"Unapelekea nani?"

"Nani ataitaka? Ninachoma na moto."

Théodore akamkonyeza. "Njo vile. Ficha tu, mukubwa."

Ezéchiel hakuelewa alichotakiwa kukificha. Hata hivyo alifurahi kupata jirani anayewajali nyuki, akamweka kwenye maombi yake ya jioni.

Jumapili, yeye na Eulalie walipokuwa wanarudi kutoka misa ya kwanza, walisikia yowe nyuma ya nyumba. Wakakimbia. Miguu miwili ilikuwa imechomoza chini ya mzinga, ikipiga teke hewa. Ezéchiel akaivuta. Akatoka Théodore, amekumbatia bati, mafuta ya mgando yamemtapakaa hadi kwenye nyusi.

"Papa Théodore! Unatafuta nini kule chini?"

"Nilikuya… kusalimia."

Eulalie akaweka mikono kiunoni. "Imekuluma?"

Ezéchiel akauangalia mzinga wake. Tayari aliuona umefungwa kamba, uko njiani kwenda Mumosho.

Théodore naye aliangalia bati. Sasa, kwa karibu, dhahabu yake ilikuwa na miguu, na nyingine ilikuwa inajaribu kutembea. Akisema ameumwa na nyuki, itabidi aseme na alichokuwa anakitafuta.

"Hapana, Maman. Iko jino."

"Jino?"

"Jino. Toka jana."

Shavu lilikuwa linaumuka kama andazi mbele ya macho yao. Ezéchiel, ambaye hajawahi kumpita mgonjwa bila kumwombea, akaliwekea kiganja na kufumba macho. Kitu kikamchoma kiganjani. Kilikuwa mwiba wa nyuki. Kumdanganya Mungu hakuweza, na kuwapoteza nyuki hakutaka.

"Bwana," akasema hatimaye, "wewe mwenyewe unajua lile jino liko wapi."

Eulalie akausogeza mkono wa mumewe pembeni, akauchomoa mwiba shavuni kwa ukucha, akauinua kwenye mwanga.

"Papa Théodore, jino yako imeotea inje."

Akajikaza asicheke. Akashindwa, akacheka mpaka akashikilia ua, na ua wenyewe ukatikisika.

"Basi," akasema akijifuta machozi. "Kama iko jino, nyuki haina kosa. Ibakie."

"Amina!" akapaza Ezéchiel, kwa sauti ya juu kuliko ile ya kiongozi wa korali.

"Amina," akasema na Théodore, kwa upande wa mdomo uliokuwa bado unafunguka.