Wazimu Marufuku kwa Dobi

Katika duka la dobi la Dada Mkuu hakuna mteja aliyejulikana kwa jina alilopewa na wazazi wake. Nguo za kila mtu zilifungwa kwa uzi wa rangi yake, na kila uzi ulikuwa na wazimu wake. Mwalimu aliyetaka mkunjo wa suruali ukate kama wembe aliitwa Wazimu wa Mkunjo. Mwenye bucha, aliyerudisha aproni kwa doa dogo kama jicho la sisimizi, alikuwa Kichaa cha Weupe. Kulikuwa na Punguani wa Soksi, mama aliyeleta soksi moja moja. Na kulikuwa na Majinuni, yaani kichaa wa mapenzi, kijana aliyefuliwa shati kila alipokwenda kumwona mchumba wake, hata kama walikuwa wameonana asubuhi ileile. Wenyewe hawakuyajua majina hayo. Mzigo ulipohitajika, mmoja aliita jina, na aliyekuwa kwenye rafu akajibu, "Yupo!" Kazi ilikwenda hivyo miaka nenda miaka rudi.

Mwitaji alikuwa mdogo wake Dada Mkuu, waliyemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukai kimya. Mwaka huo Chiriku akaugua akili. Hakulala, akawa anabishana na ukuta na kulia kwa mambo ambayo wengine hawakuyaona. Walimpeleka hospitali, akatibiwa, akatulia, na sasa alikuwa anarudi nyumbani.

"Mzungumze naye vizuri," muuguzi alimwambia Dada Mkuu.

Dada Mkuu alipofika dukani akaanza kufagia maneno.

"Kuanzia leo," aliwaambia wafanyakazi wake wawili, "sitaki kusikia kichaa, wazimu, mwehu, chizi wala punguani humu ndani."

Babu Mvuke, mpiga pasi, akaisimamisha pasi yake. "Na hamnazo?"

"Hamnazo pia."

"Nati zimelegea?"

"Babu!"

"Nauliza tu, mwanangu, nisije nikakosea. Amerukwa na akili, je? Hazimtoshi?"

Mama Povu, mfuaji, alicheka mpaka beseni likatikisika. "Lakini Dada, mbona siku hizi ni sifa? Wanangu wakiona koti zuri wanasema koti la kichaa. Yule wa pili kamwambia binti wa watu kwamba amechizika naye, na binti akafurahi! Enzi zetu angekimbilia kwa mama yake."

"Enzi zetu," Babu Mvuke akasema, "mwendawazimu alikuwa mmoja mtaa mzima, na watoto walimtupia mawe. Leo kila mtu ana wazimu wa kitu fulani na hakuna anayetupiwa hata kokoto. Neno nalo huchakaa, kama shuka."

"Kwa mdogo wangu halijachakaa," Dada Mkuu alijibu. "Yeye ndiye atakayelisikia na kujiuliza kama anasemwa yeye."

Wakakubali, kwa maana Chiriku walimpenda. Basi wateja wakapewa majina ya maua. Kichaa cha Weupe akawa Bwana Waridi. Mwalimu akawa Bwana Asumini, Majinuni akawa Bwana Yungiyungi, na mama wa soksi akawa Bibi Alizeti. Babu Mvuke alipomfikiria mwenye bucha, na shingo yake ile nene, akiitwa Waridi, alicheka hadi akaunguza kola.

Chiriku akarudi. Alikuwa amepungua kidogo, lakini macho yalikuwa yake yaleyale. Hawakumwambia habari za maua, kwa sababu kumwambia jipya kungelazimu kulitaja la zamani. Hawakumrudisha kwenye kuita pia. Walimpa kiti chenye mto na kazi ya kukunja leso. Akiingia, maongezi yanakatika. Babu Mvuke, ambaye maisha yake yote hakuwahi kujali mawingu, sasa alizungumzia mawingu kutwa nzima. Siku moja ulimi ukamteleza: "Yule mwe..." Akamtazama Chiriku, jasho likamtoka. "Yule mwenzetu," akamalizia.

Wiki haikuisha. Asubuhi moja Chiriku akafunga begi lake, akaliweka nyuma ya mlango.

"Dada, nitaondoka na gari la jioni. Naenda kukaa kwa mama mdogo."

"Nani kakuudhi?"

"Hakuna. Ndiyo maana." Akazilaza leso mapajani. "Kule hospitali tulikuwa tunataniana. Yupo dada mmoja alikuwa ananiita Mkuu wa Vichaa, nami namwita Naibu. Tulicheka, Dada. Hapa mnanipitia kama mnapita kwenye sakafu iliyopigwa deki."

Dada Mkuu akalitazama lile begi. Alikuwa ameosha maneno yote kwa ajili ya huyu mtu mmoja, na mtu mwenyewe ndiye anayeondoka.

Papo hapo mlango ukafunguliwa kwa bega. Ni Majinuni, na mikono yake miwili ilikuwa imeshika kiuno cha suruali.

"Jamani! Mimi naoa leo!" akasema. "Nimeletewa hii!"

Ilikuwa suruali ya mwenye bucha. Wangeweza kuingia Majinuni wawili na bado pakabaki nafasi ya bibi harusi.

"Suti ya Bwana Yungiyungi!" Dada Mkuu akapiga kelele.

"Yungiyungi ndiye yupi?" Mama Povu akauliza.

"Si mwalimu?" akasema Babu Mvuke.

"Mwalimu ni Asumini!"

"Asumini si yule wa soksi?"

Wakaanza kuvuta mizigo kwenye rafu, huyu anafungua, yule anafunga, aproni zikatandazwa juu ya mashati, nyuzi zikaanguka sakafuni. Majinuni alisimama katikati akishikilia kiuno, machozi yakimlengalenga.

Chiriku alikuwa ameinuka kwenye kiti chake. Aliwatazama wote watatu, mmoja mmoja.

"Maua?" akauliza. "Mmewapa watu majina ya maua kwa ajili yangu?"

Babu Mvuke akaangalia dirishani kutafuta wingu.

Chiriku akapanda kigoda, akavuta pumzi. "Kichaa cha Weupe!"

Mkono wa Dada Mkuu ulikuwa juu ya mzigo wa uzi mwekundu, wa mwenye bucha.

"Dada, nimeita. Kichaa cha Weupe!"

"Yupo," Dada Mkuu akasema, sauti ikiwa ndogo.

"Wazimu wa Mkunjo!"

"Yupo!" Babu Mvuke akadakia, kwa sauti ya mtu aliyevua kiatu kinachombana.

"Punguani wa Soksi!"

"Yupo, na moja imepotea!" akaitika Mama Povu.

"Majinuni!"

Dada Mkuu akainua suti nyeusi, imenyooka kama ilivyotoka kwenye pasi. "Yupo!"

Kijana akaangalia suti, kisha akawaangalia wao. "Majinuni ni mimi?"

Sasa Dada Mkuu akatamani ardhi ipasuke.

"Mashati saba kwa wiki," Chiriku akamwambia, "na mchumba ni mmoja. Ulitaka tukuiteje?"

Kijana akalifikiria jina hilo, na uso wake ukachanua. "Naomba mje harusini mkamwambie bibi harusi. Mseme mbele ya mama yake!" Akatoka mbio na suti begani, mkono mmoja kiunoni, suruali ya mwenye bucha ikimpepea miguuni.

Walicheka mpaka Babu Mvuke akakaa chini. Halafu Chiriku akajifuta macho, akasaidia kupanga mizigo upya, akatazama saa ya ukutani, akaenda nyuma ya mlango. Dada Mkuu akabaki akifunga mzigo wa mwisho.

"Begi langu mbona jepesi?"

Mama Povu alikuwa uani, mikono imezama kwenye povu hadi viwikoni. "Nilipita na beseni, nikaona nguo zako zina vumbi."

"Zilikuwa safi!"

"Kola moja ilinitia wasiwasi."

Chiriku akaufikia mlango wa uani, akaona magauni yake yote, kanga zake, hata kitambaa chake cha kichwa, vinaelea majini. "Mama Povu, wewe una wazimu!"

"Wa kufua," Mama Povu akajibu, akiendelea kusugua. "Na gari lipo kesho pia, na kesho kutwa."

Chiriku akashika kiuno, akataka kukasirika, ikashindikana. Akakunja mikono ya blauzi na kuanza kukamua.

Dada Mkuu akachukua vibanio. Jua lilikuwa kali upande wa barabarani, kamba ya huko ilikuwa tupu. Akaipita. Akaenda kwenye kamba ya nyuma, ile ya kivulini, akaanza kuanika nguo za mdogo wake moja moja, bila haraka yoyote.