Kitabu Kilichodaiwa Kufunga Mvua

Shaaban wa Kondoa alikuwa na mazoea yaliyomponza: kila alfajiri, kabla hajamwamkia mtu, alitazama juu akaandika mawingu. Miaka saba alikuwa ametembea na misafara, Mpwapwa, Kongwa, Mvumi, hadi kwenye ngome ya Wajerumani Kilimatinde, na kila ndege, kila jani na kila kisima alikitia kitabuni kwa herufi za Kiarabu. Nakala ilikuwa hiyo moja tu. Mkewe Sikudhani alisema nyumba ikiungua mumewe ataokoa kitabu kwanza, na Shaaban, mjinga wa mambo ya nyumbani, hakuwahi kubisha.

Mwaka huo mvua iligoma Mvumi, alikokuwa amefikia. Mawingu yalikuja, Shaaban akayaandika, mawingu yakaondoka. Yakaja tena, akaandika tena, yakaondoka. Mara ya tatu watu walijumlisha wenyewe, na nani angewalaumu?

Matonya, mwenye kaya iliyompa malazi, alikitoa kitabu mkobani mwa Shaaban mchana kweupe. Ng'ombe wake walikuwa mbavu tupu.

"Mgeni, mvua yetu umeifunga humu," alisema. "Ifungue, au moto utaifungua."

Shaaban angeweza kwenda kushtaki Kilimatinde, lakini kabla hajafika kitabu kingekuwa majivu. Tena askari wangekuja na viboko, na watu hawa walikuwa wamemgawia uji wao wa mwisho. Ndipo hofu ikampa akili.

"Mzee wangu, niache nikisome chote kwa sauti. Maneno yakishatoka nje, humu kitabaki nini kilichofungwa?"

Matonya alifikiri, akaona ni haki. Watu wakaitwa. Moto nao ukawashwa pembeni, ili mambo yasije yakacheleweshwa bure.

Shaaban alianza kusoma. Alisoma mawingu yote, na watu wakawa wanatazama juu. Alisoma nyasi, akasoma visima. Alipofika penye maneno "pote panapoota mkwaju, maji hayako mbali," mtu mmoja nyuma akakohoa.

"Mkwaju wangu una miaka arobaini," alisema. "Chimba chini yake, utatokea Mpwapwa kabla ya kuona maji!"

Kicheko kikapita. Shaaban akaona aibu kuliko hofu, maana ukurasa ule aliupenda. Akaendelea haraka hadi kwa hondohondo, ndege wa mdomo mrefu: "Dume, kwa wivu wake, humfungia mkewe ndani ya tundu la mti kwa udongo, akamwachia upenyo wa mdomo tu."

Raheli, mke wa Matonya, akapiga makofi.

"Wivu? Nani kakudanganya? Jike hujiziba mwenyewe kwa ndani, alinde mayai yake. Huyo mume kazi yake kuleta chakula. Hukuuliza wanawake, ndiyo maana!"

Sasa walicheka hadi wazee wakajishika mbavu. Kila ukurasa ukapata msahihishaji wake: huyu alimrekebishia jina la jani, yule alimwambia kwamba ndege aliyemwita korongo ni kwarara. Kitabu alichokiringia Shaaban toka Kondoa kikaonekana kimejaa uongo, tena mbele ya hadhara.

Matonya peke yake hakucheka. Alimsikiliza mpaka mwisho, akainuka, akamwagia moto mchanga.

"Mvua ina wenyewe, nao wanaijua," alisema akimrudishia kitabu. "Mtu asiyemjua hata hondohondo ataifunga kwa kitu gani? Chukua, baba. Tumekuonea."

Shaaban alikipokea kwa mikono miwili, akakikumbatia, akalia bila haya. Mbingu zilikuwa bado kavu. Miaka saba alikuwa akimwomba Mungu kitabu kile kisiwe na kosa hata moja. Siku hiyo alimshukuru kwa kila kosa, moja moja, kwa ukurasa wake.