Mbu wa Iwawa

Esnath alikuwa na digrii ya biolojia na miaka mitatu ya kuwaandikia maprofesa. Kila maabara ya chuo kikuu aliyoisikia aliiomba kazi, hata ya kuosha vyombo vya vipimo. Wengi hawakujibu. Wachache walijibu kwamba watamkumbuka, na uwongo huo aliusoma mara mbili mbili kwa furaha, maskini.

Muda wote huo aliishi kwa mama yake huko Iwawa, milimani kwenye baridi, akilima viazi. Na alivilima kwa akili ya chuo. Mashina yakinyauka, alikata kipande akakitumbukiza kwenye glasi ya maji safi. Kikitoa uzi mweupe mfano wa maziwa, alijua ni bakteria, na mbegu za shamba hilo hazifai. Wanawake wa vijiji vya jirani walimletea mashina yao ayapime. Aliyaandika yote kwenye daftari, shamba kwa shamba, na yote aliyaonea haya.

Likatoka tangazo la msaidizi wa utafiti. Halikusema zaidi ya magonjwa na maabara. Esnath akashuka Makambako kwa Rodrick mwenye steshenari, aliyesoma naye shule ya Kidugala, amchapie wasifu.

"Viazi toa," Rodrick alisema. "Dada yangu, profesa akiona jembe hapa atajua darubini umeshaisahau. Tuweke utafiti binafsi. Mbu wa malaria. Malaria ina wafadhili."

Esnath alijua ni uwongo. Lakini alikuwa amechoka kusema kweli isiyojibiwa, akamwacha Rodrick achape.

Safari hii wakamwita. Usaili ulikuwa wa simu, naye akaenda kuufanyia Njombe mjini kwa shangazi yake, mahali mtandao hauyumbi. Profesa, mama mwenye sauti ya upole, aliitikia shikamoo yake akaingia kwenye swali.

"Mradi wetu ni wa mnyauko wa viazi. Umewahi kuuona kwa macho?"

Moyo ukamruka Esnath. Akaeleza mashina, glasi, mashamba, mbegu zilizokataliwa. Hakuwahi kueleza jambo vizuri namna ile. Alipomaliza, akasikia karatasi zikifunuliwa.

"Mbona hapa umeandika miaka mitatu ulikuwa ukichunguza mbu wa malaria, Iwawa?"

Profesa hakungoja jibu.

"Mimi nimelala Iwawa, binti. Nililala na blanketi tatu na soksi. Mbu sikumsikia hata mmoja." Hakuwa akicheka. "Haya ya viazi ni mazuri mno, ndiyo maana yananitia shaka. Umesikia mradi wetu, ukayaleta. Nitayaaminije?"

"Nina daftari, Profesa."

"Daftari mtu anaweza kuliandika hata leo." Profesa akashusha pumzi. "Tulikuwa tunatafuta mtu wa namna hiyo hiyo unayoisema. Asante kwa muda wako."

Hata hajaweka simu chini, mama yake akapiga.

"Wamekuuliza nini?"

"Viazi, mama."

Mama akacheka, kicheko ambacho Esnath hakuwa amekisikia tangu siku ya mahafali. "Viazi? Basi imeisha hiyo, mwanangu. Kwa viazi nani wa kukushinda?"

Akamsikia akiwaita majirani shambani, akilitaja jina lake kwa sauti, naye simu hakuikata.