Jina Kwenye Kalenda ya Chooni

Mama mkwe wangu, Baukje, hana ubaya, ila mikono yake haitulii kwenye nyumba ya mtu. Mwezi wa kumi bomba la chooni kwetu lilipasuka, kalenda ya siku za kuzaliwa ikalowa chapachapa. Kwetu Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, kalenda hiyo hutundikwa chooni, mbele ya macho ya aliyekaa, asipatikane mtu wa kusingizia kwamba amesahau siku ya shangazi yake. Baukje akanunua mpya, akanakili majina yote kwa mwandiko wake wa kishule. Yote, isipokuwa la Jildou.

Niligundua nikiwa nimekaa. Tarehe kumi na nne Novemba ilikuwa tupu. Nilitoka hata zipu sijafunga, nikamwambia maneno ambayo mtu hamwambii mama wa mumewe. Akajitetea kwamba alitaka kutupunguzia machungu. Sjoerd, mume wangu, alikuwa akimenya viazi. Hakuinua uso.

Kimya chake ndicho kilichokuwa kikinitafuna. Binti yetu Jildou, mwenye miaka minane, aligongwa na gari mwezi wa tatu akiwa kwenye baiskeli. Siku ya pili daktari alitueleza kwamba ubongo umekufa, na kile kifua kinachopanda na kushuka ni kazi ya mashine tu. Halafu akatuuliza, taratibu, kama tungekubali viungo vyake viwafae watoto wengine. Mimi ndiye niliyesema ndiyo. Sjoerd alitia saini, akaenda kusimama koridoni. Tangu hapo hatukuligusa jambo hilo, na kila aliponyamaza niliona ananihukumu: mama gani huyu, mwepesi hivi wa kutoa.

Tarehe kumi na nne ilipofika, Baukje alikuja na keki ya maganda ya machungwa, ile yenye sukari ya rangi ya waridi juu, kama vile sikuwahi kumtukana. Miaka mingine siku hiyo viti vilipangwa duara, watu wakaingia mmoja mmoja kumpa mkono na hongera kila aliyekaa: mtoto, baba, mama, bibi, hata jirani. Safari hii tulikuwa watatu, na kahawa.

Ndipo mtu wa posta akaleta barua. Ilitumwa na ofisi ya upandikizaji wa viungo, na ndani yake mlikuwa na bahasha nyingine isiyo na jina. Sheria ni hiyo: aliyetoa na aliyepokea hawajuani. Nilitaka kuificha kwenye droo, lakini Sjoerd akasema nisome kwa sauti.

“Hatujui mtoto wenu aliitwa nani,” mama fulani alikuwa ameandika. “Wetu alikuwa hawezi kupanda ngazi. Sasa tukimwita kuoga anatukimbia. Ile siku aliyopata moyo mpya tumeiandika kwenye kalenda ya chooni. Hatukuwa na jina, tukaandika tu ‘Mwenzetu’. Kila mwaka siku hiyo tutakula keki.”

Sjoerd aliinuka, akaingia chooni. Alikawia. Nikamfuata, nikamkuta na kalamu mkononi. Pale Novemba palikuwa na jina la binti yetu, kwa herufi kubwa zilizopinda.

“Nilidhani unanilaumu,” nikamwambia.

“Nikulaumu wewe? Nilikuwa nalitaka neno lile la ndiyo kama wewe, Wietske, mdomo tu ukagoma. Uliposema, nikashukuru mpaka nikaona aibu. Nikatoka.”

“Miezi minane, Sjoerd!”

“Najua. Mimi ni mjinga.”

Sikubisha. Nililia kwenye bega lake, humo humo chooni, na kwa mara ya kwanza yalikuwa machozi yasiyoniumiza. Kisha akafunua mwezi wa tatu, na kwenye siku ambayo kwetu ilikuwa ya giza tupu akaandika: Mwenzetu.

Tuliporudi sebuleni, Baukje alikuwa amesimama, amejifuta mikono kwenye sketi. Alikuwa amesikia kila kitu. Mlango wenyewe ni ubao mwembamba. Akaninyooshea mkono.

“Hongera, mwanangu, kwa siku ya binti yako.”

Niliupokea. Akampa Sjoerd hongera, nasi tukampa yeye hongera ya mjukuu. Halafu tukaketi, tukaila keki nzima, watu watatu.