Mazishi ya Tai

Siku ya tatu sasa Muharami, fundi cherehani Mngoni wa pale Iringa mjini, alikuwa hajafungua mlango. Jumamosi vijana wawili wa masetla wa Kizungu walipanda barazani kwake, wakamkuta anashona, tai nyekundu shingoni. Mmoja alimzaba kofi. Mwenzake akachukua mkasi wa Muharami mwenyewe, akaikata ile tai chini ya kidevu.

"Nyani havai tai," wakasema, wakaenda zao wakicheka.

Baraza lilijaa watu. Wote waliinamia vidole vya miguu yao, na hilo lilimuuma Muharami kuliko kofi. Akaamua kufunga mizigo arudi zake Songea.

Jumanne asubuhi akasikia kilio mlangoni, kilio cha msiba hasa.

"Fungua, mla panya! Tumekuja kuzika!"

Alikuwa mtani wake Bartholomeo, seremala wa Kihehe aliyefunzwa kazi misheni ya Tosamaganga. Amebeba jeneza la mninga, urefu wake mkono mmoja, limepigwa msasa likang'aa. Nyuma yake mkewe, Apolonia, anagaragara vumbini: "Uuuwi, tai wetu! Nani atatubana shingo?"

"Mna wazimu, wala mbwa nyie," alisema Muharami, midomo ikimcheza.

"Mfiwa nyamaza! Msiba una wenyewe, ndio sisi watani. Maiti iko wapi?"

Vipande viwili vya tai vikalazwa jenezani, msafara ukashika njia. Sokoni watu wakajiunga, kila mmoja na tai yake: huyu ukili wa mkeka, yule utepe wa kanga, na mzee Mrisho, muuza tumbaku, kajifunga soksi. Wakabishana kama marehemu alikuwa Mwislamu au Mkristo. Muharami alicheka mpaka mbavu zikamuuma.

Mbele ya kituo cha polisi Bartholomeo akasimama.

"Marehemu hakufa kwa homa," akatangaza. "Ameuawa mchana kweupe. Hazikwi mpaka serikali iandike."

Kicheko kikamkauka Muharami. Akamtazama mtani wake, akakuta naye hacheki tena.

"Twende, ndugu yangu," Bartholomeo alisema taratibu. "Mimi niko hapa."

Ndani, Muharami alieleza yote. Sajini akaandika, kisha akainua kichwa.

"Nani aliona?"

Waliomfuata wakainamia tena vidole vya miguu yao. Muharami akaona aibu ya Jumamosi inampanda upya mpaka masikioni.

"Mimi." Alikuwa Waridi, muuza maandazi wa barazani. "Niliona kila kitu." Akamgeukia Muharami. " Niliogopa tu, baba. Nisamehe."

"Hata mimi," akadakia mzee Mrisho, soksi shingoni. "Tena niliona vizuri kuliko huyu!"

"Vizuri wapi, na macho yako hayo?" Waridi akamrukia.

Wakaanza kusukumana mlangoni, kila mtu anadai yeye aliona zaidi.

"Pangeni foleni!" alifoka sajini.

Muharami akaketi sakafuni, akalia kwa furaha mbele ya watu wote, wala hakuona haya.