Ngozi ya Lori

Lori la Ndalahwa liliacha barabara karibu na Lamadi likikwepa kundi la ng'ombe, likatumbukia korongoni. Yeye alitoka bila mkwaruzo. Alimshukuru Mungu, akaitazama chasisi iliyovunjika, akajiambia, "Nina bima kubwa. Naogopa nini?"

Aliogopa mwezi mmoja baadaye. Kampuni ya bima ya Mwanza, mojawapo ya yale makampuni mapya yaliyokuja na soko huria, iliandika kwamba italipia bodi na taa tu. Chasisi, barua ilisema, ilikuwa na ufa wa zamani. Lakini bila chasisi hakuna lori, na msimu wa pamba ulikuwa unakaribia. Kilichobaki cha kuuza ni maksai wawili wa kulimia.

"Uliuza ng'ombe arobaini ukanunua lori," mkewe Milembe alisema. "Sasa uza hawa wawili ulitibu. Mwakani utalima na mimi?"

"Wewe mkali, mama Kija. Nira utaivunja."

Alicheka, lakini chakula alikiacha. Aliutoa mkataba wa bima chini ya godoro, akauweka mezani pamoja na kamusi. Kusoma alijifunza akiwa mtu mzima, katika madarasa ya jioni, na Kiingereza alikiokota neno moja moja. Siku ya tatu alifika kwenye kifungu kilichosema kwamba pande mbili zikipingana juu ya gharama ya matengenezo, kila upande utachagua mthamini wake, na wathamini hao watachagua mwamuzi ambaye neno lake ni la mwisho.

"Kumbe!" alisema peke yake. Hayo aliyajua tangu utotoni. Ng'ombe wakila shamba la mtu, kila upande hutoa mpimaji wa hasara, na wapimaji wakishindwana hutafutwa wa tatu.

Aliandika barua kwa mkono wake mwenyewe. Kampuni ikakubali.

Walikutana gereji mjini Bariadi. Kampuni ilimleta Constantine, mwenye tai na kamera. Ndalahwa alimchagua Marcelo, fundi wa magari mwenye mdomo mwepesi. Wote wawili walimkubali Shigela kuwa mwamuzi, mzee aliyestaafu karakana ya kiwanda cha pamba, kwa sababu ilijulikana aliwahi kumkatalia hata meneja wake.

Constantine alitoa picha aliyoipiga siku ya ajali. "Tazameni weusi huu. Ni kutu ya siku nyingi."

"Hilo ni tope la korongo, bwana," Marcelo alisema. "Ungepiga picha uso wangu siku hiyo, ungesema nami nina kutu."

"Basi nioneshe chuma chenyewe. Mlikikata mkaunga kingine. Kiko wapi?"

"Mwadila," sauti ya kike ilisalimu kutoka mlangoni. Milembe aliingia na kiroba kichwani, akakitua na kutoa kipande cha chuma. Harufu ya samli ikajaa gereji.

Siku kile kipande kilipokatwa, lori likitengenezwa kwa deni, mnunuzi wa chuma chakavu alikuwa tayari amesimama na mizani. Ndalahwa alikataa. Mtu akikutunzia ng'ombe na ng'ombe akafa, hukuletea ngozi uione. Lori lake nalo lisife bila ngozi kurudi nyumbani. Milembe alikipokea, na kwa kuwa ngozi isiyopakwa mafuta huharibika, alikipaka samli kila Jumapili. Majirani walimcheka.

Shigela alikifuta kwa kitambaa. Pale kilipovunjika paling'aa kama sarafu mpya, isipokuwa pembe moja, upana wa vidole viwili, iliyokuwa nyeusi.

Ndalahwa aliinama, akautazama weusi ule.

"Pembe hii ni ya zamani," Shigela alisema polepole. "Kwingine kote kumevunjika siku ile. Kampuni ilipe chasisi, ipunguze robo. Mzee Ndalahwa, una neno?"

Angeweza kubishana. Marcelo alikuwa tayari amefungua mdomo.

"Ufa huo ni wangu," Ndalahwa alisema. "Msimu uliopita nilizidisha magunia. Robo ni haki nilipe mimi, nitauza mbuzi."

Constantine aligeuza kile chuma mikononi, vidole vyake viking'aa mafuta. "Mama, usingekipaka, kingeota kutu chote, nami ningeshinda. Ningerudi Mwanza nikijisifu kwa uongo bila kujua. Asante."

Walitia saini. Ndalahwa aliandika jina lake kwa mwandiko wa kuunganisha, taratibu, bila kuruka herufi. Akawashukuru wote watatu, mmoja mmoja, kwa mikono miwili. Kisha akamgeukia mkewe kwa shukrani ya Kisukuma.

"Wabeja, mayu. Maksai wamepona."

"Wabeja haijazi kibuyu," Milembe alisema, akikunja kiroba chake. "Samli yangu yote imeliwa na lori."

Safari ya kwanza ya msimu, kabla ya gunia lolote la pamba kupakiwa, Ndalahwa alimletea debe zima la samli.