Kalori Elfu Moja kwa Mzazi
...ilikuwa Alhamisi, saa nne na dakika ishirini asubuhi, wala haikuwa karibu na saa tano kama redio ya jirani ilivyodai, kwa maana kengele ya mapumziko ya shule za Kaaga ilikuwa haijalia, na kengele haina haraka ya kumpendeza mtu, na Mzee Gitobu alikuwa ameketi barazani kwa mwanawe Mwiti, chini ya dirisha la jikoni, kikombe cha uji wa wimbi mkononi, uji usio wake, uji uliopikwa na wanawake wa kanisani ukaletwa kwa flaski tatu kwa ajili ya mzazi, naye mzazi akamletea yeye, baba, kunywa wewe, mimi nimeshiba... ameshiba nini, ameshiba upepo, na ni lini mwanamume alipata kunywa uji wa mzazi na watu wakamtazama usoni... na huko ndani Gacheri, mke wa Mwiti, wiki ya tano tangu ajifungue, anahesabu chakula kwa simu, na rafikiye Beverlyne, aliyeponyoka ofisini huko mjini, anamsaidia kuhesabu, "Weka elfu moja mia tano basi," "Elfu moja mia tano ni ya mtu ameshakonda, Bev, si uone hii tumbo," "Haya, weka elfu moja, ukisikia njaa unakunywa maji ya ndimu unalala," kalori, neno ambalo Gitobu alilisoma mara ya kwanza nyuma ya pakiti ya biskuti, mwaka ule alipotoka shule ya ngumbaru akiwa na miaka sitini na moja, akisoma vibao, magunia ya mbolea, kila kilichoandikwa, na hata leo hajui kalori ikoje, haishikiki, haionjeki, lakini kilio anakijua, hicho kinachotoka chumbani sasa, kilio cha Makandi mdogo, aliyepewa jina la bibi yake, marehemu mke wa Gitobu, kilio kikavu cha mtoto anyonyaye akaacha, akanyonya tena akaacha, tangu Jumapili, na hasira inamfurika mzee kama maziwa mekoni... maziwa, hata mfano wenyewe unamsuta... mwaka wa themanini na nne, mwaka wa mahindi ya njano ya msaada, mbingu zilipofunga, Makandi mkubwa alikuwa akimnyonyesha huyu huyu Mwiti, na hakuna aliyeketi kumchagulia hesabu, njaa ndiyo iliyochagua, na jirani aliyebakiwa na kikombe kimoja cha unga alikileta kwake kwanza, kwa kuwa kinywa chake kilikuwa vinywa viwili, na leo flaski zimejaa mtu anajinyima, mpumbavu, anasema moyoni, mpumbavu mwenye shahada, na ulimi umekwisha kujipanga, agonge dirisha, aseme kula wewe... lakini nthoni, ile haya inayomkataza baba mkwe kutaja mwili wa mke wa mwanawe, aseme tumbo, aseme ziwa, na atakuwa amemvua nguo hadharani, "Ongea polepole, mzee yuko hapo nje," Gacheri anamwonya mwenzake, "Huyo hasikii, si unaona ametulia kama gunia la viazi," wakacheka, naam, gunia lina masikio, na gunia linachemka... "Na maziwa je?" ajabu ni kwamba aliyeuliza ni Beverlyne, "Imepungua?" kijiko kikagonga kitu, "Imepungua. Lakini Mwiti aliniuliza mbele ya marafiki zake kama kuna pacha mwingine amebaki huku ndani. Wakacheka sana. Hata mimi nikacheka, Bev," na hapo hasira ya mzee ikasimama kama ng'ombe aliyefika kwenye ua, ikanusa huku, ikanusa kule, ikageuka, Mwiti, aliyekuzwa kwa unga wa majirani, Mwiti aliyeuchukua mwili uliombebea mtoto akaufanya kichekesho cha wanaume, na msichana wa watu akacheka pamoja nao ili asilie, kisha akashika simu akaanza kujipunguza, na yeye Gitobu asubuhi nzima amekuwa akimwita mpumbavu... "Elfu moja, nimeandika," asema Gacheri ndani, mtoto bado analia, mzee hajainuka, hajasema neno, wala hatalisema kwenye dirisha hili, na wale wanaodai kwamba nthoni humfunga mzee kinywa walifundishwa nusu ya jambo, humfunga mbele ya mke wa mwanawe, basi, mbele ya mwanawe haijapata kumfunga baba yeyote, na Mwiti huja nyumbani kula chakula cha mchana.